Wanaouangalia Ufukwe wa Ushongo, Kusi na Kaskazi

Miongoni mwa huduma zinazowafaa wananchi wa Wilaya ya Pangani ipo moja isiyo na jengo, gari wala mshahara wa mwezi. Ni huduma ya kuuangalia ufukwe. Huko Ushongo, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, wapo wakazi ambao kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakitembea juu ya mchanga kabla jua halijapanda, wakitafuta alama za kasa waliopanda usiku kutaga, wakihesabu siku za viota na kuandika waliyoyaona. Kazi hiyo huifanya kwa ushirikiano na shirika la Sea Sense, ambalo shughuli zake zilianzia kisiwani Mafia mwaka 2001 kisha zikaenea katika wilaya nyingine za pwani. Anayewaona kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni watu wanaonyoosha miguu. Makala haya yanaeleza kinachofanyika, kwa nini hakina budi kufanyika mwaka mzima, na jinsi daftari la ufukwe linavyoweza kuwa na uzito katika maamuzi ya kijiji na ya Halmashauri.

Kisiwa kilichobaki fungu

Ni vyema kuanza na Maziwe. Kisiwa hiki, kilicho umbali usiofika kilomita 10 kutoka Ushongo, kiliwahi kuwa na miti ya mivinje iliyosimama juu ya mchanga mkavu. Kilihesabiwa kuwa miongoni mwa mahali muhimu pa kasa kutagia katika pwani ya Tanzania. Walipanda pale kasa wa kawaida, ng'amba, na pia kigome, yule kasa mdogo wa rangi ya zeituni ambaye siku hizi ni nadra kusikika akitaga nchini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na kisiwa kikawa fungu la mchanga linaloibuka maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa. Hivyo ndivyo kilivyo hadi leo. Wageni wanaopelekwa Maziwe kwa mashua kutazama matumbawe hulazimika kuondoka kabla bahari haijalifunika fungu.

Sababu za kuangamia kwa kisiwa hicho bado zinajadiliwa. Wapo wanaotaja kukatwa kwa miti iliyoushika mchanga kwa mizizi yake. Wapo wanaotaja mabadiliko ya mawimbi na mikondo, na wengine husema yote mawili yalikwenda pamoja. Ugumu wa mjadala huo unaeleweka: kisiwa kikishaondoka, sehemu kubwa ya ushahidi huondoka nacho. Kama pangekuwapo vipimo vya kila mwezi vya upana wa mchanga na idadi ya miti kwa miaka 20 ya mwisho ya Maziwe, pengine leo ingejulikana ni lini hasa mchanga ulianza kupungua na ni jambo gani lililotangulia.

Kasa, hata hivyo, hawakupata habari kwamba kisiwa kimezama. Kasa jike aliyekomaa hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa, na akishachagua ufukwe huurudia. Kwa hiyo majike wameendelea kupanda juu ya fungu la Maziwe na kufukia mayai mahali ambapo maji ya kujaa yatayafunika. Yai la kasa hupumua kupitia ganda lake, na likikaa ndani ya maji ya chumvi hufa. Ndipo ilipoanza desturi ya kuyachukua mayai ya Maziwe, kuyavusha kwa mashua na kuyafukia upya juu ya ufukwe wa Ushongo, mahali pasipofikiwa na bamvua. Ufukwe huu basi unabeba viota vyake na vya kisiwa kilichotoweka. Ndiyo maana hali ya mchanga wa Ushongo si jambo dogo: ukiliwa nao, hakuna mahali pa karibu palipoandaliwa pa kuyahamishia mayai hayo.

Mwaka wa pwani

Ufukwe mmoja una sura zaidi ya moja, na anayeuona mara moja kwa mwaka hana analolijua juu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, wenye joto na anga angavu. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi, wenye nguvu zaidi, unaoleta mawimbi marefu kutoka kusini-mashariki. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, majira ambayo mabaharia huyaita pia tanga mbili kwa sababu upepo haujaamua uelekeo wake. Juu ya hayo zipo mvua: masika kati ya Machi na Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka.

Mawimbi yanayopiga ufukwe kwa mshazari husukuma mchanga kando kando ya pwani. Kwa ujumla, wakati wa kusi mchanga husafiri kuelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi sehemu yake hurudi kusini. Pembe moja ya ghuba inaweza kupoteza mita kadhaa za mchanga mwezi Julai na kuzirudishiwa mwezi Februari. Mgeni atakayefika Julai ataandika kwamba ufukwe unaliwa. Atakayefika Februari ataandika kwamba unakua. Na wote wawili watakuwa wameandika kweli kuhusu siku yao. Swali lenye maana ni kama Julai ya mwaka huu inafanana na Julai ya mwaka uliopita na ya miaka mitano iliyotangulia. Hilo halijibiki bila mtu kurudi mahali pale pale, katika majira yale yale, mwaka baada ya mwaka.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa wazo hili kutoka mwanzo. Manahodha wa zamani waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, ili wajue lini watweke tanga na lini wapande mazao. Mwaka Kogwa unaosherehekewa Makunduchi, Unguja, kila mwezi Julai ni salio la kalenda hiyo. Kinachoongezwa leo ni kipimo kilichoandikwa, chenye tarehe, kinachoweza kusomwa na mtu ambaye hakuwapo.

Kinachosomwa asubuhi juu ya mchanga

Matembezi hufanywa mapema, kwa sababu alama za usiku hazidumu. Miguu ya watu, kwato za ng'ombe, ngalawa zinazovutwa na upepo wenyewe huzifuta katika saa chache. Kasa wa kawaida huacha mburuzo mpana unaokaribia mita moja, wenye alama za mapezi ya kulia na kushoto zikilingana, kwa kuwa huyatupa yote mawili mbele kwa pamoja. Ng'amba huacha mburuzo mwembamba zaidi na alama zake hupishana, kama hatua za mtoto anayetambaa. Mwenye uzoefu hujua pia mburuzo upi ni wa kupanda na upi ni wa kushuka kwa kutazama upande ambao mchanga umerundikwa na mapezi.

Si kila mburuzo una kiota. Kasa huweza kupanda, kuchimba mara mbili tatu, kisha kurudi majini bila kutaga kwa sababu amekutana na mizizi, mchanga mkavu unaoporomoka, taa kali au watu. Jambo hilo pia huandikwa. Daftari linaloonyesha kwamba kasa wanapanda sehemu fulani na kurudi bila kutaga limesema jambo kubwa kuhusu sehemu hiyo, na mara nyingi jibu hupatikana kwa kutazama juu ya ufukwe: taa mpya ya varanda, ukuta mpya, au moto wa kambi.

Kiota kikipatikana, swali la kwanza ni kama kimo juu au chini ya mstari wa bamvua. Mayai yaliyo mahali salama huachwa yalipo. Yaliyo hatarini huhamishwa, na hapo ndipo ujuzi hupimwa. Katika saa chache za mwanzo baada ya kutagwa, yai la kasa huweza kubebwa bila madhara makubwa. Baadaye kiumbe kilichomo ndani hujishika kwenye sehemu ya juu ya ganda, na yai likigeuzwa hufa. Kwa hiyo mayai hubebwa moja moja bila kuzungushwa, hufukiwa katika shimo lenye kina na umbo kama la kwanza, na mchanga hurudishwa ule wa unyevu chini na mkavu juu. Yote haya hufanywa na watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakijiandaa kwenda shambani au baharini.

Kiota cha kasa wa kawaida huwa na mayai mia moja na zaidi. Jike mmoja hutaga mara kadhaa katika msimu, akipumzika takriban wiki mbili kati ya kiota na kiota, kisha hukaa miaka miwili au zaidi bila kutaga tena. Hili huwachanganya wasomaji wa takwimu. Viota vikipungua mwaka mmoja, haina maana kwamba kasa wamekufa. Huenda ni mwaka wao wa mapumziko. Mwaka mmoja au miwili ya hesabu haitoshi kusema lolote. Kasa wa kawaida hutaga nchini takriban mwaka mzima, ingawa viota vingi huonekana kati ya Machi na Julai. Anayetembea ufukweni katika miezi ya kilele pekee atapata idadi nzuri ya kuripoti, lakini hatajua kama msimu umesogea mbele au nyuma.

Jambo lingine linaloufanya mwaka mzima uwe wa lazima ni joto. Jinsi ya kasa haiamuliwi wakati yai linapotungwa. Huamuliwa na joto la mchanga katika sehemu ya kati ya kuatamiwa kwake. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi hupatikana majike na madume kwa uwiano unaokaribiana. Mchanga ukiwa na joto zaidi majike huongezeka, na ukiwa na ubaridi madume huongezeka. Kiota kilichofukiwa wakati wa kaskazi, juani, huweza kutoa majike watupu na kuanguliwa baada ya siku zinazokaribia 50. Cha wakati wa kipupwe, chini ya mvinje, huchukua siku nyingi zaidi na huelekea kutoa madume. Anayechagua mahali pa kuyafukia mayai yaliyotoka Maziwe anachagua, bila kukusudia, kizazi kitakuwa cha jinsi gani. Kumbukumbu ya tarehe, ya kivuli na ya siku za kuatamiwa ndiyo njia rahisi ya kujua uchaguzi huo unaelekea wapi, hata pale ambapo hakuna kipimajoto.

Baada ya watoto wa kasa kutoka, kiota hufukuliwa. Huhesabiwa maganda matupu, mayai yasiyoanguliwa na waliofia njiani, na walionaswa kwenye mizizi husaidiwa kutoka. Wageni wa nyumba za kulala za Ushongo huja kutazama, na ni haki wafurahi. Hata hivyo, kwa mfuatiliaji saa hiyo ni ya hesabu. Nambari tatu zinazoandikwa pale ndizo zitakazoonyesha kama kuhamisha mayai kunafaa au kunapoteza.

Fimbo mbili na upeo wa macho

Kuhesabu viota bila kuupima mchanga ni kujua wapangaji bila kuijua nyumba. Bahati nzuri, kupima mchanga hakuhitaji vyombo vya gharama. Mwaka 1961 mtaalamu wa bahari wa Marekani, K. O. Emery, alieleza njia ambayo bado inatumika duniani na ambayo kijiji chochote cha pwani kinaweza kuifuata. Huchukuliwa fimbo mbili zenye urefu sawa, mathalani mita moja na nusu, zenye alama za sentimita zinazohesabiwa kutoka juu kwenda chini. Fimbo hizo huunganishwa kwa kamba yenye urefu maalumu. Mtu mmoja husimamisha fimbo yake upande wa nchi kavu, mwenzake husimamisha ya pili upande wa bahari. Yule wa nchi kavu hutazama mpaka ncha ya fimbo ya mbele ilingane na mstari wa upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, kisha husoma mstari huo umekata alama gani kwenye fimbo iliyo mkononi mwake. Alama hiyo ndiyo kiasi ambacho mchanga umeshuka kati ya fimbo na fimbo. Husogea hatua kwa hatua hadi majini. Zikichorwa kwenye karatasi ya miraba, nambari hizo hutoa sura ya ufukwe wote kama inavyoonekana kwa ubavu.

Masharti yake ni machache lakini hayana msamaha. Kipimo lazima kianzie mahali pasipohama: msingi wa nyumba, mnara wa zege, au mti mkubwa ulio mbali na ukingo, na pawepo alama nyingine ya akiba kama ya kwanza itang'olewa. Lazima kifanywe wakati wa kupwa, na ni bora kiwe siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa kuwa ndipo maji hupwa mbali na sehemu kubwa ya mchanga huwa wazi. Lazima kirudiwe mahali pale pale. Kipimo kimoja kwa mwezi kinatosha, na kingine cha ziada baada ya dhoruba. Kimbunga Hidaya, kilichofika jirani na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kilikumbusha kwamba hata ukanda huu uliozoeleka kuwa salama haukingiki kabisa.

Vipimo hivyo vina kazi ya kisheria pia, na hapa ndipo ofisi za Halmashauri zinapoguswa moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wananchi wengi wanaijua nambari hiyo. Wachache hujiuliza mita 60 hupimwa kuanzia wapi pale ambapo ukingo wenyewe unatembea. Mwombaji wa kibali anayepima mwezi wa Februari, ufukwe ukiwa umejaa mchanga, anaweza kuonekana ametii sheria, na mwezi wa Agosti maji yakawa mlangoni pake. Akishajenga atataka ukuta wa kuizuia bahari, na ukuta huo huweza kurudisha nguvu ya mawimbi chini na pembeni yake na kuhamishia tatizo kwa jirani. Daftari lenye vipimo vya miaka kadhaa linaonyesha ni wapi ukingo hufika unapofika mbali zaidi. Afisa Ardhi mwenye daftari kama hilo mezani ana sauti tofauti na asiye nalo.

Ipo pia hoja ya mto. Mto Pangani hukusanya maji yake kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na njiani hupita Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960 pamoja na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mabwawa hushika matope na mchanga ambao zamani ungefika baharini. Wilaya haiwezi kuamua peke yake juu ya maji ya mto uendao mbali kiasi hicho. Inachoweza ni kufika kwenye vikao vya bonde ikiwa na vipimo mkononi.

Taka, mizoga na tahadhari ya afya

Kuhesabu taka huonekana kazi duni, na ndiyo inayoachwa kwanza watu wakichoka. Utaratibu wake ni kuchagua kipande cha mita 100, kukisafisha chote, kisha kurudi kila mwezi na kuhesabu kilichoongezeka, kwa aina: chupa za maji, ndala, vipande vya nyavu, vifuniko, mifuko. Majira hujieleza yenyewe hapa. Wakati wa masika mto hushusha vitu vya bara. Wakati wa kusi bahari kuu huleta vya kwake, na miongoni mwake huonekana chupa zenye maandishi ya nchi za mbali. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kijiji kilichokuwa kikihesabu kabla ya tarehe hiyo kinaweza kusema kwa hakika katazo limebadilisha nini ufukweni kwake. Kisichohesabu kitabaki na maoni.

Mizoga ya kasa nayo huandikwa: aina, urefu wa gamba, tarehe, mahali, na alama za mwilini. Kamba shingoni au mikwaruzo ya nyavu huelekeza kwenye jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa papa na taa, ambamo kasa hunaswa na kufa kwa kukosa hewa, maana hana budi kupanda juu kupumua. Mizoga ikiongezeka katika wiki chache za kila mwaka, Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, yaani BMU, vina la kuzungumza na wavuvi kuhusu wiki hizo na mahali hapo, badala ya kumlaumu kila mtu mwaka mzima.

Jambo la nyama ya kasa linastahili kusemwa waziwazi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinamlinda kasa, na kumiliki nyama au mayai yake ni kosa. Lakini ipo sababu nyingine, nayo ni ya uhai wa watu. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 walilazwa. Huko huko Pemba, Novemba 2021, watu saba walikufa kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu, na haiondolewi kwa kupika. Watoto huathirika zaidi, na huweza kupatikana pia katika maziwa ya mama aliyekula. Mtu anaweza kuwa amekula nyama ya kasa mara nyingi bila kudhurika, na hilo halimhakikishii chochote kuhusu mlo unaofuata. Pemba inatazamana na pwani ya Tanga. Mfuatiliaji anayekuta mzoga asubuhi na kuuzika kabla haujagawanywa huenda amezuia msiba ambao hautaandikwa popote.

Nani atembee, na kwa malipo gani

Neno kujitolea hutumiwa kirahisi. Mvuvi anayetembea ufukweni kwa saa mbili ameacha maji ya asubuhi. Mama anayehesabu taka ameacha bustani ya mchicha. Kisiwani Mafia ulitumika utaratibu wa kumpa anayeripoti kiota malipo madogo, na nyongeza kulingana na mayai yatakayoanguliwa, ili kiota kilichohifadhiwa kiwe na faida kuliko kiota kilichoibwa. Utaratibu huo ulifaa, lakini una udhaifu wake: fedha za mradi zikikoma, na sababu ya kutembea huweza kukoma pamoja nazo. Nyumba za wageni zinazonufaika na kasa zina wajibu wa kuchangia, na vijiji vina haki ya kuuliza mchango huo unaingia wapi.

Udhaifu mwingine hauhusu fedha. Takwimu nyingi za ufukwe hupotea kwa sababu zimo kichwani mwa mtu mmoja au ndani ya simu iliyoanguka majini. Kasa anayeanguliwa leo, akinusurika, atahitaji miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kurudi kutaga. Na wanaonusurika ni wachache sana, pengine mmoja katika elfu moja. Mtoto wa darasa la tatu anayeshuhudia kiota kikifunguliwa Ushongo mwaka huu atakuwa mtu mzima mwenye watoto siku matokeo yake yatakapopanda mchangani. Daftari hilo basi linahitaji mwenyeji anayedumu kuliko mradi. Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji inafaa kutunza nakala moja na Idara ya Uvuvi ya wilaya nyingine. Shule za msingi za pwani zinaweza kuchukua upimaji wa fimbo mbili kama sehemu ya somo la jiografia au hisabati, kwa kuwa hesabu zake hazizidi kujumlisha na kutoa.

Ufukwe wa Ushongo si wa pekee katika wilaya. Kusini zaidi, Madete iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani ni mahali pengine panapojulikana kwa kasa wa kawaida kutaga, na huko askari wa hifadhi wapo. Kati ya ufukwe huo na mdomo wa mto zipo kilomita nyingi za mchanga ambazo hazina anayezitembea kwa utaratibu. Vijiji vya eneo hilo vinavyotaka kuanza havihitaji kusubiri mradi. Watu wawili, fimbo mbili, futikamba, daftari lenye jalada gumu na alama isiyohama vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kwa mwananchi asiye mfuatiliaji, yapo machache ya kuzingatia. Anayekuta kasa akipanda usiku akae mbali, azime tochi na simu, asubiri mpaka arudi majini. Anayekuta kiota au mayai yaliyofukuliwa na mawimbi asiyaguse wala kuyageuza. Aweke alama kando, aandike saa, kisha apeleke habari kwa kikundi cha BMU, Mtendaji wa Kijiji au Afisa Uvuvi asubuhi hiyo hiyo. Wenye nyumba kando ya bahari wazielekeze taa zao upande wa nchi kavu au wazifunike, maana mtoto wa kasa hufuata mwanga na akipotea kuelekea bara hufa kabla ya saa nne. Mzoga ukionekana, hata ukiwa mbichi, hauchunwi wala hauliwi. Hupimwa, huandikwa, kisha huzikwa juu ya mstari wa bamvua, katika shimo lenye kina kisichofikiwa na mbwa.